Kijana maskini na mlango wa universite za Marekani



Paroko, katekista na mwalimu wa shule ya misioni wote wanalijua ombi hili. Kijana aliyemaliza humanite kwa sifa anafika na karatasi iliyochapwa katika duka la intaneti, naye anasema: «Padri, kuna universite ya Marekani inayotoa burse. Uniandikie barua.» Padri anaandika, jamaa wanachanga feza, na mara nyingi nyuma ya miezi mingi jibu linakuja: hapana. Kijana anafikiri kwamba akili yake haikutosha. Pengine akili ilitosha kabisa, lakini hakuna aliyemweleza namna dosie yake ingesomwa.

Zamani, kijana wa Kongo aliyetaka masomo makubwa aliona mlango mmoja ulio wazi kuliko yote, ndio seminari kuu. Universite Lovanium, karibu na Léopoldville, ilifunguliwa mwaka 1954 tu. Siku hizi milango ni mingi, mingine iko mbali ng'ambo ya bahari, na vijana wanaendelea kumwuliza padri njia. Kwa hiyo inafaa sisi tunaoulizwa tujue mambo haya vizuri. Tumechagua kueleza universite za Marekani, kwa sababu ndiko feza ya msaada inakoweza kuwa nyingi sana, na ndiko kanuni zake zinakofahamika vibaya kuliko pengine.

Neno kubwa tunalotaka kuonyesha ni hili: kupokelewa na kusaidiwa ni maneno mawili, si moja. Anayeyachanganya atajiharibia yote mawili.

I. Nani analipa?

Katika universite kubwa za Marekani zisizo za Serikali, mwaka mmoja wa masomo, pamoja na chumba na chakula, unaweza kupita dola 80,000. Masomo ya diploma ya kwanza ni miaka minne. Hata kwa Wamarekani wengi bei hii haiwezekani. Lakini kijana wa kwao anasaidiwa na Serikali yake. Aliye maskini anapewa feza isiyorudishwa, iitwayo Pell, ambayo katika mwaka wa masomo 2024-2025 iliweza kufika dola 7,395. Tena anaweza kukopa kwa Serikali. Mgeni aliyeingia kwa viza ya masomo hana haki ya misaada hiyo. Kila dola atakayopewa itatoka katika sanduku la shule yenyewe.

Shule nyingine zina sanduku kubwa. Kwa miaka mingi watu wakarimu na wanafunzi wa zamani wamezipa mali. Mali ile imewekwa izae faida, na sehemu ya faida inatumiwa kila mwaka. Hazina ya Harvard ilihesabiwa mwaka 2024 kuwa zaidi ya dola miliari 53. Lakini shule za namna hiyo ni chache. Nyingine nyingi zinaishi kwa feza wanayolipa wanafunzi wenyewe, na mgeni kwao ni mtu anayetazamiwa kulipa, si kulipiwa. Tusishangae basi tukisikia kwamba zaidi ya wageni 1,100,000 walisoma Marekani katika mwaka 2023-2024: wengi wao walilipiwa na wazazi wao.

II. Namna mbili za kusoma dosie

Shule inapofungua dosie ya mgeni anayeomba msaada, inaweza kuisoma kwa namna mbili.

Namna ya kwanza: wanaohukumu hawaangalii mfuko. Wanasoma pointi za kijana, maandishi yake, barua za walimu wake. Ombi lake la feza linashugulikiwa na biro nyingine. Wakimpokea, ndipo inahesabiwa anahitaji kiasi gani. Kwa wageni, shule zinazofanya hivi ni chache mno. Kati yao ni Harvard, Yale, Princeton, Massachusetts Institute of Technology, Amherst, Bowdoin, Dartmouth, Brown na Notre Dame.

Hiyo ya mwisho ni ya Kikatoliki. Ilianzishwa mwaka 1842 na Padri Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Katika mwezi wa tisa 2024, Padri Robert Dowd wa shirika lile lile alipowekwa kuwa mkuu wake, ilitangazwa kwamba tangu hapo feza ya mwombaji haitaangaliwa, hata akiwa mgeni, na kwamba msaada utatolewa bila kumtia mwanafunzi katika deni.

Namna ya pili: wanaohukumu wanaangalia mfuko. Hii ndiyo kawaida ya shule nyingi kwa wageni, hata zile zisizoangalia mfuko wa Wamarekani. Si kwa sababu ya kuwachukia maskini, ni hesabu. Tuseme koleji moja imeweka dola 800,000 kwa wageni wapya wa mwaka. Kijana asiye na kitu anahitaji dola 80,000. Basi inaweza kupokea watu kumi wa namna yake. Ikipokea wale wanaohitaji nusu tu, inaweza kupokea ishirini. Tena anayeanza mwaka huu sharti asaidiwe miaka minne yote. Kumpokea maskini mmoja ni kuahidi dola 320,000. Kwa hiyo, vijana wawili wakilingana kwa akili na bidii, yule anayeomba kidogo atapita mbele. Na maskini sharti awe bora kupita kiasi ili achaguliwe.

Kanuni hizi zinageuka pamoja na feza. Koleji ya Williams ilikuwa haiangalii mfuko wa wageni. Mwaka 2010, nyuma ya mashaka makubwa ya mabanki ya mwaka 2008, iliacha desturi hiyo. Brown iliacha kuangalia mfuko wa Wamarekani kwa wale walioingia mwaka 2003, lakini wageni walingoja mpaka wale walioingia mwaka 2025: miaka 22 baadaye. Kwa sababu hiyo, habari ambayo kijana ameipata kwa mkubwa wake aliyeomba miaka sita iliyopita haitoshi. Sharti asome tangazo la shule yenyewe kwa mwaka anaotaka kuomba.

III. Ulizo la pili

Kujua kama shule inaangalia mfuko ni ulizo la kwanza tu. La pili ndilo wengi wanalolisahau: kama nikipokelewa, shule itajaza uhitaji wangu wote?

Shule inahesabu hivi. Inachukua bei yote ya mwaka, inaondoa kile ambacho jamaa wanaweza kutoa, na kinachobaki kinaitwa uhitaji. Shule nyingine zinaahidi kujaza uhitaji wote wa kila waliyempokea. Nyingine zinampokea mtu, zinampa dola 25,000, na kumwacha atafute 40,000 zilizobaki. Kwa mtoto wa mganga wa Kinshasa mwenye mali, huo ni msaada mkubwa. Kwa mtoto wa mlimaji wa Walungu, ni sawa na kunyimwa, kwa maana pasipo feza yote hawezi hata kuomba viza, kama tutakavyoona.

Basi kijana aandike katika daftari yake, mbele ya jina la kila shule, majibu ya maulizo haya matatu:

1. Je, ombi langu la msaada litaingia katika hukumu ya kupokelewa?
2. Je, nikipokelewa, uhitaji wangu wote utajazwa, kwa miaka yote minne?
3. Je, nisipoomba msaada sasa, nitaweza kuuomba baadaye?

Ulizo la tatu linafunga mtego mmoja mbaya. Vijana wengine, wakisikia kwamba umaskini unapunguza nafasi, wanaficha umaskini wao: wanajaza kwamba hawahitaji kitu, wakifikiri kuomba msaada nyuma ya kuingia. Lakini katika shule nyingi mgeni ambaye hakuomba mwanzoni hawezi kuomba tena katika miaka yote minne. Barua ya kupokelewa atapata. Njia ya kulipa hatapata.

Kuna tena burse ya namna nyingine, isiyohesabu uhitaji, bali sifa: pointi za juu, muziki, michezo. Hizo zinafaa, lakini mara nyingi ni sehemu tu ya bei. Na kuna koleji ya Berea, katika jimbo la Kentucky, iliyoanzishwa mwaka 1855. Tangu mwaka 1892 hailipishi mwanafunzi yeyote bei ya masomo. Badala yake kila mmoja anafanya kazi katika koleji, angalau saa kumi kwa juma. Wageni inaowapokea kila mwaka ni wachache, nao wanatafutwa kati ya wasio na uwezo.

Tusimfiche kijana ukweli juu ya nafasi yake. Kati ya waombaji wote wa Harvard walioomba kuingia mwaka 2024, waliopokelewa hawakufika wanne kwa mia. Shule isiyoangalia mfuko haikosi kuangalia mengine yote, na kwa ukali. Kwa hiyo anayeomba shule hizo tu anajiwekea nafasi ndogo sana. Aombe moja au mbili za namna hiyo, na nyingine zinazoangalia mfuko lakini zinajaza uhitaji wote wa wale zinaowapokea.

IV. Kusema kweli juu ya feza

Kwa kupima uhitaji, shule nyingi zinataka karatasi iitwayo CSS Profile, inayotolewa na College Board. Inajazwa kwa intaneti, na inalipiwa: dola 25 kwa shule ya kwanza, na 16 kwa kila shule nyingine. Asiyeweza kulipa aandikie shule kwa adabu na kueleza. Shule nyingi zina namna ya kuwasamehe wageni. Vilevile ada ya kuomba nafasi, ambayo mara nyingi ni kati ya dola 50 na 90, inaweza kusamehewa prefe wa shule akihakikisha kwamba jamaa hawana uwezo.

Hapa ndipo jamaa zetu wanapata shida. Karatasi inauliza mshahara wa mwaka, nayo inafikiri kwamba kila mtu ana banki na barua ya kazi. Mama anayeuza mihogo sokoni hana karatasi ya mshahara. Afanye namna gani? Ahesabu kwa kweli: kwa juma moja anauza kiasi gani, aondoe bei aliyonunulia, usafiri na kodi ya soko, kinachobaki azidishe kwa majuma anayouza kweli katika mwaka. Aandike jumla kwa franka za Kongo, na karibu yake kwa dola, akitaja bei ya dola ya siku ile. Shamba linalolisha nyumba litajwe kuwa ni la kula, si la kuuza. Kama baba mdogo ndiye analipa minervali ya watoto, aandikwe naye. Idadi ya watoto walio shuleni iandikwe. Hesabu hizo zikipangwa katika ukurasa mmoja ulio wazi na kutiwa mkono na mzazi, msomaji wa mbali anaweza kuelewa maisha ya nyumba ile.

Padri anaweza kuombwa ashuhudie ukurasa huo. Ashuhudie anayoyajua: kwamba jamaa hao ni wa parokia yake, kwamba wanaishi kwa kilimo au biashara ndogo. Asiandike hesabu asizozijua. Asikubali kufuta nyumba ya kupangisha iliyoko mjini, wala kuongeza yatima wasiokuwapo. Shule ikigundua uongo, hata mwaka wa pili, inaweza kumwondoa mwanafunzi. Tena parokia iliyotia muhuri juu ya uongo mmoja imewafungia mlango vijana wa kweli watakaoomba kesho.

V. Barua na bilteni

Barua ya sifa, kama tunavyozoea kuiandika, haimsaidii mtoto. Tunaandika: «Ni kijana mwema, mnyenyekevu, mtii, wa jamaa ya Kikristu.» Msomaji wa Marekani ana maelfu ya barua za namna hii mezani, na hawezi kumwona mtu ndani yake. Anataka tendo. Tuandike, kwa mfano: «Mwalimu wa hesabu alipougua miezi miwili, mwanafunzi huyu aliwakusanya wenzake 28 kila jioni, akawafundisha.» Msitari mmoja wa namna hiyo unapita ukurasa mzima wa sifa. Na kama hatumjui kijana, tumwambie wazi atafute mwalimu anayemjua.

Bilteni nayo inahitaji maelezo. Kwetu 50 kwa mia inatosha kupita, na 70 ni sifa kubwa. Lakini msomaji aliyezoea kuona 90 na zaidi ataona 68 kuwa udogo wa akili. Kwa hiyo prefe aongeze ukurasa mmoja: wanafunzi wangapi darasani, kijana amekuwa wa ngapi, pointi ya juu kabisa ilikuwa ngapi, na namna Mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat, unavyopimwa. Makaratasi ya Kifaransa yageuzwe katika Kiingereza na mtu anayekubaliwa. Tena karibu kila shule inataka mtihani wa Kiingereza. Kiingereza hakipatikani kwa miezi mitatu. Anayetaka njia hii aanze kujifunza tangu mwaka wa kwanza wa humanite.

Na siku hazingoji. Maombi ya mapema yanafungwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, na ya kawaida mwanzoni mwa mwezi wa kwanza. Majibu yanatoka mwishoni mwa mwezi wa tatu, na mara nyingi kijana anapaswa kujibu mbele ya tarehe 1 ya mwezi wa tano. Maana yake, anaomba akiwa bado katika darasa la mwisho, mbele ya kufanya Exetat. Anayengoja diploma mkononi ndipo aanze, amekwisha kupoteza mwaka mzima.

VI. Viza

Aliyepokelewa bado hajaingia. Sheria inataka shule ihakikishe kwanza kwamba feza ya mwaka wa kwanza ipo, iwe ya burse, iwe ya jamaa. Ndipo inampa karatasi iitwayo I-20. Ndiyo sababu msaada wa nusu haumfikishi maskini popote. Nyuma ya hapo analipa dola 350 za kuandikishwa na 185 za viza, na kwenda Kinshasa kwa maulizo katika ubalozi. Kwa mtu wa Bukavu au Lubumbashi, ongeza tikiti ya ndege. Gharama hizi mara nyingi burse haizilipi. Basi jamaa wakichanga, wazichangie hizi, si wadanganyifu tutakaowataja.

Katika ubalozi, sheria iitwayo 214(b) inamlazimu mwenye kuuliza afikiri kwamba kila mwombaji anataka kubaki Marekani, mpaka mwombaji amwonyeshe kinyume chake. Kijana ajue kueleza kwa maneno yake mwenyewe anakwenda kusoma nini, nani analipa, na kinachomrudisha kwao. Tena sheria zinageuka kwa gafula: katika mwezi wa sita 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha viza za masomo kwa raia wa inchi kadhaa, na Burundi, jirani yetu, ilikuwa kati yao. Sharti kuuliza sheria ya siku ile.

Akiisha kuingia, sheria inamruhusu kufanya kazi ndani ya universite, isiyopita saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kazi hiyo inamnunulia vitabu na koti la baridi. Hailipi masomo. Anayeondoka na tumaini la kujilipia kwa kazi atakwama.

VII. Wauzaji wa burse

Mijini mwetu wako watu wanaouza «burse ya hakika». Wanadai dola mia tatu, kisha mia tano za dosie, kisha nyingine za kuharakisha. Jamaa wanauza mbuzi, wanauza shamba. Tuseme wazi katika mikutano ya wazazi: hakuna mtu wa inje anayeweza kuuza nafasi katika shule tulizozitaja, wala burse yake. Ada halali inalipwa kwa shule yenyewe au kwa wenye mtihani, kwa kiasi kilichotangazwa. Mashauri ya kweli yanatolewa bila malipo na biro za EducationUSA, zilizo chini ya Wizara ya Mambo ya Inje ya Marekani, na majibu ya maulizo yetu matatu yanapatikana kwa kuandikia shule moja kwa moja. Shule ya kweli inajibu.

Kazi yetu, basi, si kuahidi, wala kukatisha tamaa. Ni kuketi na kijana na wazazi wake mwaka mmoja na nusu mbele ya wakati, kufungua daftari, na kuandika majina ya shule pamoja na majibu matatu. Pengine nyuma ya kuhesabu wataona kwamba njia bora ni Universite Catholique ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1989, au universite nyingine ya hapa kwetu, na kutafuta burse ya ng'ambo baadaye, kwa masomo ya juu zaidi. Hilo si kushindwa. Kushindwa ni kuuza shamba la nyumba kwa ajili ya barua ya kupokelewa isiyoweza kulipwa. Na yule atakayeandikiwa «hapana» na shule inayoangalia mfuko, tumwambie ukweli aliousahau kuuliza: hawakupima akili yake peke yake, walipima pia sanduku lao.